Wangapi wanarudi Lilungu?

Wiki iliyopita, kwenye baraza moja pale Chikongola, Mtwara mjini, mzee mmoja aliitikia shikamoo yangu kisha akauliza: "Mwanangu, wewe si ndiye unayehesabu wafungwa? Wanaotoka gereza la Lilungu, wangapi wanarudi?" Nikamuuliza nami: kurudi wapi, mzee?

Sikuwa namkwepa. Kazi yangu ni takwimu za haki jinai, na jibu linaanzia hapo. Mtu anaweza kukamatwa tena, kutiwa hatiani tena, au kufungwa tena, na kila hesabu inatoa jibu lake. Marekani waliwafuatilia wafungwa walioachiwa mwaka 2005 katika majimbo 30. Ndani ya miaka mitano, asilimia 76.6 walikamatwa tena. Waliotiwa hatiani upya ni asilimia 55.4. Waliopata hukumu mpya ya kwenda gerezani, ukiacha jela za kaunti za vifungo vifupi, ni asilimia 28.2. Watu ni walewale.

Halafu kuna muda. England na Wales huangalia makosa yaliyotendwa ndani ya mwaka mmoja, kisha husubiri miezi sita zaidi ili kesi zake ziamuliwe. Mimi huwaza ya huku kwetu. Mtu amefungwa kwa korosho za kangomba, yaani zilizonunuliwa kwa magendo nje ya mnada, akaachiwa Februari. Ukimfuatilia miezi sita unaishia Agosti, mikorosho ingali na maua, hakuna cha kununua. Minada inafunguliwa Oktoba. Takwimu itasema amejirekebisha, kumbe msimu haujamfikia.

Kinachoniumiza zaidi ni madaftari. Niliwahi kukaa na daftari la kituo kimoja: ukurasa huu Mohamedi, kwao Nanyamba, kurasa kadhaa mbele Muhamadi, kwao Mtiniko, umri umepungua miaka miwili. Alama za vidole zikaonyesha ni mtu mmoja. Bila vidole vile tungeandika wakosaji wawili wa mara ya kwanza. Na aliyevuka Ruvuma akakamatiwa Msumbiji, kwetu anasomeka ametulia.

Wengine huingia gerezani na kuuliza waliomo, nani aliwahi kufungwa. Hilo ni swali jingine kabisa. Tuseme wameachiwa watu kumi, tisa wametulia mashambani, mmoja karudi. Ukimkuta ndani na mgeni mmoja wa mara ya kwanza, utaandika kwamba nusu ya wafungwa ni warudiaji, na wale tisa hutawaona kamwe.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mjukuu wake alitoka Januari, anataka tu kujua amhesabu mpaka lini. Nikamwambia ningempa misimu miwili kamili ya korosho. Ningehesabu kutiwa hatiani, si kukamatwa, maana kukamatwa kunapima pia bidii ya polisi. Na ningeshika tarehe ya kutenda kosa, si ya hukumu, isije kesi ya zamani ikamwangukia kijana aliyekwisha kutulia.