Vagotomia: upasuaji wa neva uliowahi kutibu vidonda vya tumbo

Vagotomia ni upasuaji wa kukata neva ya vagasi, au baadhi ya matawi yake, ili mfuko wa chakula utoe asidi kidogo. Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita ilikuwa miongoni mwa tiba kuu za vidonda vya tumbo. Siku hizi daktari anaweza kumaliza mafunzo ya upasuaji bila kuishuhudia hata mara moja.

Neva hii huanzia kwenye shina la ubongo, hushuka shingoni na kifuani, kisha huingia tumboni sambamba na umio. Ukinusa tu chakula, kabla hata ya tonge la kwanza, ndiyo inayozitaarifu seli za mfuko wa chakula zianze kumwaga asidi. Kwa hiyo wazo la kuikata lilikuwa na mantiki: asidi ikipungua, kidonda kitapata nafasi ya kupona.

Mwaka 1943 Lester Dragstedt, daktari wa Chuo Kikuu cha Chicago, alianza kuwakata wagonjwa wa vidonda vigogo vyote viwili vya neva hiyo, yaani mashina yake makuu. Asidi ilishuka na vidonda vikapona. Tatizo ni kwamba neva hiyohiyo husimamia pia usagaji na usukumaji wa chakula. Wagonjwa wengi wakabaki na chakula kilicholala tumboni, wakitapika na kujaa gesi. Ikabidi upasuaji uambatane na kazi ya pili, ama kupanua mlango wa kutokea wa mfuko wa chakula, ama kuuunganisha mfuko moja kwa moja na utumbo mdogo.

Hapo likazuka tatizo jingine. Mlango ukishalegezwa, chakula humwagika kwa kasi utumboni: mtu anamaliza kula, muda mfupi baadaye jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio, anasikia kizunguzungu, na wengine wanaharisha. Wapo walioishi na hali hiyo miaka mingi, na kwangu mimi mateso yao yana uzito sawa na takwimu za waliopona.

Ndiyo maana wapasuaji waliendelea kuinoa mbinu yao. Kufikia mwaka 1970, timu za Leeds, Uingereza, na Copenhagen, Denmark, zilikuwa zikikata tu vijitawi vinavyokwenda kwenye sehemu inayotengeneza asidi, kimoja baada ya kingine, huku wakiviacha vile vinavyoongoza mlango wa kutokea. Kazi hiyo ilitaka subira na mkono mwepesi. Ukisahau kijitawi kimoja, kidonda kinaweza kurudi. Madhara yalipungua sana, ingawa vidonda vilirudi mara nyingi zaidi kuliko kwa wale waliokatwa neva pamoja na sehemu ya chini ya mfuko wa chakula.

Mbinu ilipofikia ubora huo, dawa za kupunguza asidi nazo zikafika. Simetidini iliingia sokoni Uingereza mwaka 1976, na omeprazoli ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1980. Kidonge kikaanza kufanya kazi ya kisu, ila mgonjwa akiacha dawa, mara nyingi kidonda kilirudi. Sababu ilifichuliwa Perth, Australia, na madaktari Robin Warren na Barry Marshall: bakteria Helicobacter pylori. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe, utando wa mfuko wake wa chakula ukavimba. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa wiki moja au mbili, huweza kumaliza ugonjwa ambao zamani ulimpeleka mtu chumba cha upasuaji.

Kisu hakijatoweka kabisa. Kidonda kikitoboka, daktari huziba tundu na kuosha tumbo, kisha maambukizi hutibiwa kwa dawa. Kinachovuja damu hushughulikiwa kwanza kwa endoskopia, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Vagotomia imebaki kwa wachache, kama wale ambao vidonda vyao vinarudi licha ya tiba sahihi, na licha ya kuacha aspirini na dawa za maumivu za jamii yake.

Waliofanyiwa zamani bado tunao, aghalabu wakiwa na kovu la wima juu ya kitovu. Wamwambie kila daktari mpya wanayekutana naye, kwa sababu wanaweza kupata mawe kwenye kifuko cha nyongo, na waliokatwa pia sehemu ya mfuko wa chakula wanahitaji kupimwa damu kwa upungufu wa madini ya chuma na vitamini B12.