Paul Zumthor na shairi lisilotulia

Nikisomesha Wimbo wa Roland, utenzi wa kivita wa Kifaransa wa zama za kati, huanza na mstari wa mwisho: Ci falt la geste que Turoldus declinet. Kwamba kisa kinaishia hapo, hakuna ubishi. Ila huyo Turoldus alifanya nini hasa? Kitenzi declinet kimeshughulisha wataalamu miaka na miaka: alitunga, alighani, au alinakili tu? Paul Zumthor, mtaalamu wa fasihi ya zama za kati, ndiye aliyenifundisha, kupitia vitabu vyake, kwamba si lazima nichague.

Alizaliwa Geneva mwaka 1915, akafundisha Amsterdam na kisha Montréal, alikofariki Januari 1995. Kabla yake wahariri wengi walilinganisha nakala, wakachuja makosa ya wanakili, wakitafuta matini ya awali iliyopotea. Joseph Bédier, mtaalamu Mfaransa aliyeuhariri Wimbo wa Roland, alikwishaitilia shaka njia hiyo. Yeye aliona heri kushika nakala moja iliyo bora. Zumthor alikwenda mbali zaidi. Katika Essai de poétique médiévale, mwaka 1972, alileta neno mouvance: kwamba shairi la zama zile halikutulia mahali pamoja, bali lilikuwa safarini, na kila nakala ni kituo chake kimoja.

Mfano niupendao ni kifo cha Aude, mchumba wa Roland. Katika nakala ya Oxford, mfalme Charlemagne anarudi kutoka Hispania, ambako Roland amefia vitani, na Aude anamjia: yuko wapi Roland, aliyeapa kunioa? Mfalme analia, anavuta ndevu zake nyeupe, kisha anamwahidi Aude kumpa mwanawe Louis awe mume badala ya Roland. Aude anajibu kwamba maneno hayo ni mageni kwake. Rangi inampotea, anaanguka miguuni pa mfalme, amekufa. Mistari kama thelathini tu! Katika matoleo ya baadaye yenye vina, tukio hilohilo linachukua mamia ya mistari. Zamani ningesema wameliharibu. Siku hizi naona watu waliompenda Aude, wakataka akae nao kidogo zaidi kabla hajafa. Waliozoea tenzi zetu za hati za Kiarabu, ambazo nakala mbili hupishana beti, hawatashangaa.

Zumthor aliamini kwamba nyuma ya wino kulikuwa na sauti, na katika Introduction à la poésie orale, mwaka 1983, aliifuata sauti hiyo hadi mbali na Ufaransa, Afrika ikiwemo. Chanzo cha imani hiyo amekisimulia mwenyewe. Alipokuwa mtoto jijini Paris, akitoka shule, alikuwa akisimama kuwasikiliza waimbaji wa mitaani. Watu kumi na tano, ishirini, walimzunguka mwimbaji. Karatasi ya maneno iliuzwa kwa senti chache. Na kulikuwa na vicheko, kelele za barabarani, na mbingu juu ya paa. Vyote hivyo vilikuwa wimbo. Baadaye alishika karatasi ile na kujaribu kuimba peke yake. Maneno yalikuwapo yote, wala hayakutosha.