Barabara za kona, za pwani na za msituni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wanaopenda barabara zinazojipinda juu ya magenge ya bahari au zinazopotelea ndani ya misitu hawaishi kusifu gari "linavyokata kona". Sifa hiyo ndiyo inayozaa nusu ya dhana potofu kuhusu safari hizi, maana inawaaminisha watu kwamba ustadi wote uko ndani ya kona. Kona huamuliwa kabla hujaifikia. Ukishaingia na mwendo usiofaa, hakuna la kufanya ambalo halina hatari yake.

"Dereva mzoefu hupunguza mwendo akiwa katikati ya kona." Hapana. Uwezo wa tairi kushika lami una kikomo, na huo huo ndio unaotumika kupunguza mwendo na kugeuza gari. Ukikanyaga breki kwa nguvu huku umekata usukani, unalidai tairi vyote viwili kwa mpigo, na likishindwa gari linaserereka. Shika breki barabara ingali imenyooka, punguza gia, ingia kwa utulivu, kisha ongeza mafuta kidogo kidogo unapoona mbele kunafunguka. Na usidhani kuongeza mwendo kidogo si kitu: nguvu ambayo tairi linahitaji ili kulibakiza gari kwenye kona huongezeka kwa mraba wa mwendo. Kona uliyoipita kwa 40 km/h, ukiipita kwa 60 inadai nguvu mara mbili na robo.

Utajuaje kona imebana kiasi gani? Wengi hufuata mstari wa miti au nguzo za umeme, wakiamini unaonyesha barabara inakoelekea. Mstari huo hudanganya: nguzo zinaweza kunyoosha moja kwa moja huku lami ikikata kushoto. Tazama pale ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana. Pakizidi kusogea mbele yako, kona inafunguka. Pakiganda mahali pamoja huku wewe unapakaribia, kona inazidi kubana, nawe bado uko kasi mno. Macho yabaki huko unakotaka kwenda, si kwenye genge unaloliogopa, kwa sababu mikono hufuata macho.

Dhana inayonikera kuliko zote ni ya kushuka mlima na frii, yaani bila gia yoyote, "ili kuokoa mafuta". Ilikuwa na mantiki kidogo enzi za kabureta, kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa. Kwenye injini nyingi za injekta, ambazo mafuta hupulizwa kwa amri ya kompyuta, ukiachia pedali ya mafuta gari likiwa kwenye gia na linateremka, kompyuta hukata mafuta kabisa, kwani magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka frii, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Kwa hiyo hata huo uchumi wenyewe haupo.

Hasara kubwa iko kwenye breki. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na mteremko wa kilomita kadhaa hauzipi nafasi ya kupoa. Kwanza utasikia harufu kali ya kuungua. Kisha gari linakuwa zito kusimama ingawa pedali bado ni ngumu: pedi zimepata joto kiasi cha kupoteza mshiko. Likizidi, mafuta ya breki yenyewe yanachemka, mvuke unajaa kwenye mabomba, na pedali inazama hadi sakafuni. Mafuta hayo hunyonya unyevu kutoka hewani kadiri miaka inavyokwenda, na unyevu hushusha kiwango cha kuchemka. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa DOT 4 mapya (daraja mojawapo la mafuta ya breki) ni nyuzi 230 za Selsiasi; yakishanyonya maji, kinashuka hadi 155. Gari lenye pedi mpya na mafuta ya breki yaliyozeeka linaweza kukuaibisha vilevile.

Basi shuka na gia ambayo ungeitumia kuupanda mlima huo huo; kwenye otomatiki, tumia gia ndogo (L au 2) au gia za kuchagua kwa mkono. Breki zishikwe kwa nguvu, kwa muda mfupi, kisha ziachiwe zipoe. Kuziegemea mfululizo ndiko kunakoziunguza. Ukisikia harufu, tafuta pa kuegesha salama, uache upepo uzipoze. Usizimwagie maji: diski ya chuma iliyopata moto inaweza kupasuka.

"Gari langu linavuta magurudumu yote manne, haliwezi kuteleza." Mfumo huo husaidia kuondoka na kupanda. Kusimama ni kazi ya breki na matairi, na kila gari lina breki kwenye magurudumu yote manne. ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, nayo hukuwezesha kuendelea kukata usukani ukiwa umekanyaga breki, lakini kwenye changarawe inaweza hata kuongeza umbali wa kusimama.

Msituni, jua lisikudanganye. Sehemu ya wazi imekauka, ila mita chache mbele, chini ya miti, lami ina unyevu wa tangu asubuhi na majani yaliyooza. Ukungu ukiingia, taa kamili hazisaidii, kwani mwanga hugonga matone na kukurudia machoni. Tumia taa za chini.

Kuna pia imani kwamba barabara maarufu haifungwi. Mei 2017 mlima uliporomoka Mud Creek, Big Sur, California, ukaifukia Highway 1, barabara maarufu ya pwani. Kipande hicho kilifunguliwa tena Julai 2018. Barabara iliyochongwa kwenye jabali la pwani hugombana na bahari na mvua kila mwaka, kwa hiyo hakiki hali yake kabla ya kuondoka. Hakiki na muda pia. Tail of the Dragon, barabara ya msituni kwenye mpaka wa Tennessee na North Carolina, hutajwa kuwa na kona 318 ndani ya kilomita zipatazo 18. Hizo si kilomita 18 za barabara kuu.

"Mtalii ana haki ya kwenda polepole." Anayo, ila awapishe wengine. California sheria inamtaka dereva wa mwendo mdogo kwenye barabara ya njia mbili, akiwa na magari matano au zaidi nyuma yake na mahali ambapo kuovateki si salama, aegeshe pembeni kwenye nafasi inayofaa. Hiyo pembeni ndiyo pia mahali pa kutazama mandhari, maana kwa 60 km/h, kutupia bahari jicho sekunde mbili ni kuendesha zaidi ya mita 33 bila kuona.

Na kichefuchefu? Hakimpati mtu kwa sababu ni dhaifu. Sikio la ndani linahisi kona, macho yaliyoinamia simu yanasema mmetulia, na ubongo unashindwa kuzipatanisha taarifa hizo. Mgonjwa akae kiti cha mbele na kutazama mbali barabarani. Dawa za kichefuchefu humezwa kabla ya safari, na nyingi huleta usingizi, hivyo ni za abiria tu.