"Njoo inboksi" si jibu

Nimeulizwa tena, kwa mara ambayo nimeacha kuihesabu, jinsi chapa inavyoweza kujenga uhusiano na watu wake huku malalamiko yote yakihamishwa kutoka ukurasa wake wa mtandao wa kijamii kwenda inboksi, yaani ujumbe wa faragha, kabla hayajasomwa na wengi. Haiwezi.

Idadi ya wafuasi kama kipimo cha uhusiano naipita haraka: ni hesabu ya waliobonyeza kitufe siku moja, basi. Machapisho yanayoombaomba watu watoe maoni na kuwataja marafiki hayastahili hata aya. Facebook ilitangaza Desemba 2017 kwamba ingeyapunguzia nafasi ya kuonekana, na bado nayaona kila asubuhi.

Kinachonikera ni lile jibu la kunakili na kubandika: "Pole sana, tafadhali njoo inboksi." Mteja ameeleza hadharani kwamba mzigo wake haujafika, na nyuma yake wapo wasomaji wengi wasioandika neno, wanaosubiri kuona atatendewaje. Ukimvuta pembeni, huenda yeye akasaidiwa, lakini hao wengine hawatajua kamwe mambo yaliishaje. Sikatai kwamba namba ya oda, simu na anwani ni mambo ya faragha, na hayo yaende inboksi. Ila kosa lenyewe, sababu yake na siku litakaporekebishwa vitajwe pale pale lalamiko lilipoandikwa, kisha mhudumu arudi kueleza yalivyokwisha. Hatua hiyo ya kurudi ndiyo inayorukwa, kwa kuwa ripoti za mwezi hupenda kupima kasi ya jibu la kwanza, wala hazijali kama tatizo limekwisha.

KFC ilipoishiwa kuku nchini Uingereza Februari 2018, baada ya kubadilisha msambazaji, iliomba radhi kwa tangazo la gazetini lililozipangua herufi za jina lake zikasomeka kama tusi. Wenzangu katika kazi ya kusimamia kurasa za chapa waliuiga mzaha huo kwa bidii, wakasahau kwamba kampuni ilikuwa pia ikiwajulisha wateja matawi yaliyokuwa wazi. Mzaha bila taarifa ni dharau.

Nikiri jambo moja. Mwaka 1956 watafiti Donald Horton na R. Richard Wohl walieleza ukaribu ambao mtazamaji huuhisi kwa mtu wa televisheni asiyemjua hata kidogo, nami nashuku kwamba sehemu kubwa ya tunachokiuza kwa jina la uhusiano ni huohuo. Wapo wateja waliolalamika, wakajibiwa kama ninavyoshauri hapa, wakarudi kununua. Siwezi kuapa kwamba walirudishwa na jibu letu na si na punguzo la bei la wiki ile.