Mwanamke chini ya maji: picha inamuonyesha nani na inamficha nani

Mwaka 1964 meli ya utafiti Anton Bruun ilikuwa inatoka Mombasa kwenda kuchunguza Bahari ya Hindi, na humo ndani mwanamke alikuwa mmoja tu, Sylvia Earle, mwanasayansi wa Kimarekani aliyebobea kwenye mwani. Gazeti la hapo mjini, Mombasa Daily Times, likatoa habari yake na kichwa kikasema Sylvia anaondoka na wanaume 70 lakini hategemei matatizo yoyote. Basi. Hapo juu hakuna mwani, hakuna kuzamia, hakuna neno la kilichompandisha kwenye ile meli. Kazi yangu hapa kwenye taasisi ni elimu ya bahari kwa umma, na nikifundisha habari ya picha za uzamiaji napenda kuanza na hiki kichwa maana kilichapishwa kwetu, siyo mambo ya mbali.

Na haikuishia hapo. 1970 Sylvia huyo huyo akaongoza timu ya wanawake watano kwenye mradi wa Tektite, wakakaa chini ya maji wiki mbili mfululizo huko visiwa vya Virgin vya Marekani, kwenye nyumba iliyojengwa chini ya bahari kama mita 15 hivi, wanatoka na mitungi yao wanafanya utafiti wanarudi wanalala huko huko. Waandishi wakawaita kwa majina ya kama vile ni warembo wa majini, na maswali yakawa ya lipstiki na mashine ya kukaushia nywele. Hivi kuna mwanaume gani ametoka kuishi chini ya bahari wiki mbili akaulizwa nywele zake amezifanyaje? Mwaka 1979 mama huyu akatembea kwenye sakafu ya bahari karibu na Hawaii, mita 381 chini, ndani ya suti maalumu ya chuma. Lakini mtaani ukiuliza mwanamke na kuzamia, miaka ile ile watu wanaikumbuka filamu ya The Deep ya 1977, ambayo ilitangazwa kwa picha ya Jacqueline Bisset yuko majini na fulana nyeupe iliyolowa.

Kuna wa kutiwa kwenye picha na kuna wa kutolewa. Lotte Hass, mwanamke wa Austria, alianza kama sekretari wa mzamiaji Hans Hass, na kampuni ya filamu ndo ilitaka sura ya mwanamke ionekane ili filamu iuzike, lakini yule dada alikuwa ameshajifunza mwenyewe kuzamia na kupiga picha chini ya maji, kwa hiyo waliyemchukua kwa ajili ya sura walipata mfanyakazi kweli kweli. Upande wa pili yuko Simone Cousteau, mke wa Jacques Cousteau, yule mzamiaji Mfaransa wa filamu za bahari. Alizamia na ule mtungi wa hewa wa mumewe 1943 ulipokuwa bado unajaribiwa, akauza vito vyake Calypso, meli yao ya utafiti, ipate mafuta, akaishi kwenye hiyo meli kwa muda mrefu kuliko hata mume, na kwenye zile filamu maarufu ni nadra kumuona. Yeye mwenyewe hakupenda kamera, sawa, ila matokeo ni kwamba watoto wa dunia nzima waliangalia ile meli wakaamini ni ya wanaume watupu.

Sasa watu wananiambia mwalimu hizi ni picha tu. Siyo picha tu. Mtu anayetaka kujifunza daivu anajifunzia kwenye picha kabla hajamuona instrakta, na picha nyingi za modeli zinamfundisha vibaya: nywele zimeachiwa zinaelea usoni, wakati mzamiaji yeyote anajua nywele zikiingia chini ya raba ya miwani maji yanaingia, kwa hiyo zinafungwa au zinavalishwa kofia. Mara nyingine hana regyuleta ya akiba (kile kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa ya mtungi), au amekaa juu ya matumbawe ili apendeze, na matumbawe ukiyakalia yanaumia na yanaweza kufa. Alafu vifaa. Kwa muda mrefu jaketi za kuzamia (zile zinazojazwa hewa na kubeba mtungi) na wetisuti, suti za raba za kuzuia baridi, zilikatwa kwa mwili wa mwanaume, na makampuni yalipoanza kusema tuna vifaa vya wanawake wengine walibadilisha rangi tu ikawa pinki. Jaketi isiyokaa vizuri inapanda mpaka shingoni ukiwa juu ya maji, mtungi unakuyumbisha, na mwanafunzi anatoka anasema kuzamia siyo kwangu kumbe shida ni jaketi!

Na kuna zile stori zinazosambazwa, kubwa kuliko zote kwamba mwanamke akiwa kwenye siku zake papa watamfuata. Hakuna ushahidi kwamba wazamiaji wanawake wanashambuliwa zaidi wakiwa kwenye hedhi, wanazamia kila siku na wanarudi. Tahadhari ya kweli ambayo sijaiona kwenye posti nyingi ni hii: ukiwa mjamzito usizame na mtungi kabisa, madaktari wa uzamiaji wanashauri hivyo kwa ajili ya mtoto, kuogelea ongea na daktari wako lakini mtungi weka pembeni mpaka ujifungue.

Halafu angalia Jeju, Korea Kusini. Wale haenyeo, wanawake wanaozamia kwa pumzi zao bila mtungi kutafuta konokono wa bahari na mwani, wengi wao wana zaidi ya miaka 60, wapo wa 80 na kitu, na mwaka 2016 UNESCO ikauweka utamaduni wao kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Mitungi waliikataa makusudi ili bahari isikombwe. Yani wazamiaji hodari kabisa duniani ni mabibi, wana mikunjo usoni na wavu wa kazi begani, lakini fungua tangazo lolote la safari za kuzamia unitafutie bibi mmoja.

Ndo maana vijana wetu wanaopiga picha za boti na hoteli nawaambia kitu kimoja, angalia mikono yake. Mikono inafanya nini? Ameshika geji anasoma hewa imebaki ngapi, anamsaidia mwanafunzi, anaandika kwenye kibao, au imewekwa tu ili mwili ukae vizuri kwenye kamera? Sisemi mtu asivae bikini, avae anachotaka, nasema aonekane akifanya kilichompeleka majini.

Na hapa kwetu watu wa kupigwa picha hizo wapo. Kaskazini mwa Unguja wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, na picha zao zilizopigwa na mpigapicha Anna Boyiazis zikapata tuzo ya World Press Photo 2018, mimi nazipenda sana maana wanaonekana wanajifunza. Jambiani kuna kina mama wanaolima sponji baharini, wanafanya kazi na miwani ya maji na ilibidi wajifunze kuogelea kwanza. Paje na kwingineko wakulima wa mwani wanazidi kusukumwa kwenye maji marefu kwa sababu maji ya pwani yamepata joto na ule mwani wenye bei nzuri unakufa, kwa hiyo kuogelea kwao ni suala la riziki. Tatizo lao na kamera ni la aina nyingine kabisa, mgeni anakuja anampiga picha mama yuko kazini kainama, bila salamu, picha inaishia kwenye kalenda ya hoteli na mama mwenyewe hana habari. Kwa hiyo wenye hoteli na madaivmasta (wanaoongoza safari za kuzamia), kabla hujatoa simu msalimie, muulize kama anataka kupigwa picha, muulize kama jina lake liandikwe, na akisema hapana weka simu mfukoni.