Je, Tromsø Huwa Giza Totoro Majira ya Baridi?

Watu wengi huamini kwamba katika mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwe, jua likishatoweka mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, mchana wote huwa giza totoro, na kwa hiyo safari ya siku moja na marafiki ni kupoteza nauli. Dhana hiyo si sahihi.

Hata tarehe 21 Desemba, jua la adhuhuri huwa nyuzi 3 hivi tu chini ya upeo wa macho, na mwanga wake hutawanywa na anga la juu. Ndiyo maana kuanzia karibu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana mji huogelea katika mwanga wa buluu, theluji ya milimani ikibadilika kuwa ya waridi upande wa kusini kunakokucha bila jua kuchomoza. Ni mwanga wa kutosha kabisa kutembea bila tochi, na kwangu mimi hauna mfano.

Kwa hiyo pangeni siku kwa kuufuata mwanga huo. Pandeni gari la kuning'inia kwenye waya hadi Storsteinen, ukingo wa mlima ulio mita 421 juu ya bahari, ifikapo saa tano, kisha majumba ya makumbusho yasubiri alasiri. Baridi yenyewe hupunguzwa na mkondo wa bahari wenye joto, hata bandari haigandi. Kinachoangusha wageni ni barafu ya njiani, hivyo kila mmoja afunge meno ya chuma chini ya viatu.