Ufuatiliaji wa ziwa: chupa moja ya maji haitoshi

Samaki wakielea ukingoni mwa Ziwa Kivu, au volkano ya Nyiragongo ikianza kunguruma, mambo huenda vilevile. Mtaalamu anashuka Kituku, bandari ndogo ya Goma, na chupa, anachota maji, anapigwa picha, na jioni redio inatangaza kwamba "ufuatiliaji wa afya ya ziwa umefanyika". Tangazo hilo nimelisikia Goma, nimelisikia Bukavu, na sasa limenichosha.

Maana yenyewe ni fupi. Ufuatiliaji wa mazingira ya maji ni kupima mambo yaleyale, mahali palepale, kwa njia ileile, kwa muda mrefu, ili kitu kikibadilika kionekane. Iwe bahari, iwe ziwa, iwe mlango wa mto kama kule Muanda, ambako mto Kongo unaingia Atlantiki katikati ya mikoko, kanuni ni hiyo. Vinavyopimwa ndivyo hutofautiana: kule Muanda lazima uangalie chumvi, sisi huku tunahangaika zaidi na oksijeni na gesi, na samaki wanahesabiwa kote.

Shida ya kwanza ni hiyo chupa. Inakupa namba, na namba isiyo na mwenzake haina la kusema. Mama anayepeleka mtoto kupimwa kwenye kituo cha afya analijua hili kuliko wengi wanaohojiwa redioni: kilo nane za leo hazimwambii kitu mpaka muuguzi afungue kadi na kuona kama mstari unapanda au umelala. Ziwa halina kadi isipokuwa kuna mtu wa kuijaza.

Tena Kivu ni ziwa linalodanganya mgeni. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki unavuma, maji ya juu yanapoa na kuchanganyika hadi kina cha mita 60 hivi, na virutubisho vilivyokuwa vimetuama vinapanda. Vijimea visivyoonekana kwa macho vinapata chakula, vinaongezeka, na maji hayawi tena maangavu kama zamani. Mvua zikirudi, maji yanajipanga upya kwa matabaka na uangavu unarudi. Sasa mtu apime Februari, aje tena Agosti, akute maji yamefifia: ataandika kwamba ziwa linachafuka. Ni kiangazi tu. Mwingine anateremsha chombo mita 100, anakosa oksijeni kabisa, anatoka mbio kusema ziwa linakufa. Ndugu, huko chini oksijeni haipo mwaka mzima. Ziwa lina kina cha mita 485, na maji ya chini yamefungia methane, gesi inayowaka, ya kilomita za ujazo 60 hivi na kaboni dioksidi ya karibu 300. Samaki wetu wote wanaishi katika ile ngozi ya juu.

Nionyeshe kazi yenyewe ilivyo, maana wengi hudhani inahitaji mashine za Ulaya. Uangavu unapimwa kwa sahani ya duara, upana sentimita 20, robo nyeupe robo nyeusi, iliyofungwa kamba yenye alama. Ilianzia kwa padri Mwitalia, Angelo Secchi, aliyeijaribu baharini mwaka 1865. Unaishusha upande wa mtumbwi wenye kivuli mpaka ipotee machoni, unasoma kamba. Unaivuta polepole mpaka ionekane tena, unasoma tena. Katikati ya namba hizo mbili ndipo jibu lilipo. Fundi yeyote wa mabati anaweza kuikata sahani hiyo. Gharama iko kwenye kurudi: mtumbwi uleule au unaofanana nao, saa zilezile za mchana, nukta ileile ya ziwa, hata wiki ambayo hakuna mfadhili wala kamera. Wataalamu wa ISP Bukavu, chuo cha ualimu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walifanya hivyo kwenye eneo la Ishungu, kusini mwa ziwa, kuanzia 2002. Walirudi kila baada ya wiki mbili hivi, kwa miaka. Ndiyo maana leo tunaweza kusimulia mwaka wa ziwa kama nilivyousimulia hapo juu.

Lakini linaloniudhi zaidi ni la pili. Maajenti wanaingia ufukweni, wanakamata nyavu za matundu madogo na vyandarua vya mbu vilivyoshonwa kuwa nyavu, wanavichoma, na ripoti inaandikwa "ufuatiliaji wa uvuvi". Huo ni ukaguzi. Una kazi yake, siupingi: chandarua kinabeba hata watoto wa samaki. Ila rundo la nyavu zilizoungua halikuambii ziwani wamebaki samaki wangapi. Na kuna hasara nyingine isiyosemwa. Mvuvi akishazoea kwamba mwenye daftari na mwenye kiberiti ni watu wamoja, hatakuambia ukweli. Ukimuuliza usiku huu amevua kiasi gani, atataja nusu. Ukimuuliza nyavu, atakuonyesha ile nzuri. Daftari linajaa uongo, na uongo huo baadaye unageuka kuwa takwimu za jimbo. Anayepima anahitaji kuaminiwa na wavuvi, kwa hiyo afadhali awe mtu mwingine kabisa na yule anayekamata.

(Watu wa projé nao wana "suivi" yao, yaani ufuatiliaji kwa Kifaransa, ya kuangalia kama pesa zimetumika na semina imefanyika. Hiyo inafuatilia projé. Ziwa halimo.)

Twende kwenye samaki, maana hapo ndipo namba zinapopotosha hata watu waangalifu. Sambaza wetu, yule samaki mdogo kama dagaa, si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vya majini. Anavuliwa usiku: mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu unateremshwa, taa inawashwa, samaki wanafuata mwanga, wavu unapandishwa. Asubuhi ndoo ziko Kituku. Kisha mkubwa mmoja anajumlisha ndoo za mwaka, anakuta zimeongezeka, anatangaza kwamba ziwa lina afya njema.

Tuseme ekipe 50, yaani vikundi vya wavuvi, kila moja ilileta kilo 60 kwa usiku, jumla kilo 3,000. Miaka ikapita, ekipe zikawa 100, jumla ikawa kilo 4,000. Mkubwa anapiga makofi. Mvuvi yeye anaona amebaki na kilo 40, kwa usiku uleule na usingizi uleule aliokosa. Ndiyo sababu wanaofuatilia uvuvi hugawanya mavuno kwa juhudi: kiasi gani kwa ekipe moja, kwa usiku mmoja. Na juhudi nayo haitulii. Aliyetumia taa ya petroli sasa ana taa ya betri inayowaka mpaka alfajiri, kwa hiyo usiku wake mmoja wa leo hauna nguvu sawa na ule wa zamani. Hata mwezi una neno: ukiwa mpevu, taa haivuti samaki kama usiku wa giza, na anayelinganisha usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi anapima mwezi, hapimi ziwa.

Kuna kisa ambacho ningependa kila mwandishi wa habari wa Kivu akijue. Mwaka 1986 Henri Dumont, mtaalamu Mbelgiji, aliandika kwamba sambaza atalimaliza ziwa. Hoja yake ilikuwa na mashiko: samaki huyo alikuwa amewala wale vijidudu wakubwa, dafnia, mpaka wakatoweka, na Dumont akaona chakula kikiisha uvuvi nao utaanguka. Haukuanguka. Sambaza aliendelea kula vijidudu vidogo zaidi, na vipimo vya chombo cha mwangwi, kinachotafuta samaki kwa sauti, vilivyofanywa kwa miaka tofauti vilikuta bado wapo kwa maelfu ya tani. Dumont alikuwa sahihi kuhusu dafnia na akakosea kuhusu mwisho wa hadithi, na tunalijua hilo kwa sababu kuna watu waliorudi kupima baada ya makala kusahaulika. Kisha mwaka 2006 ikaonekana kwamba samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys, ameshaingia Kivu, naye anakula vijidudu vilevile. Ukitaka kujua amemfanya nini sambaza, huna budi kuwa na namba za sambaza za kabla ya 2006. Haziokotwi sasa hivi. Ama ziliandikwa wakati ule, ama hazipo.

Ziwa lenyewe ni la nchi mbili, Kongo na Rwanda, na tangu 2016 mtambo mkubwa wa upande wa Rwanda unavuta maji ya chini, unatoa methane ya kutengeneza umeme, kisha unayarudisha. Je, yale matabaka yanabaki mahali pake? Jibu halipatikani Goma peke yake wala Karongi, upande wa Rwanda, peke yake. Vipimo vya pande mbili vikifanywa kwa njia mbili, kila upande utakuwa na ziwa lake kwenye karatasi.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa redio, sina ugomvi na yule mwenye chupa. Akichota maji Kituku, semeni "maji yamepimwa". Ni sentensi kamili na kazi yake ni ya kweli. Nyavu zikichomwa, semeni wakaguzi wamechoma nyavu. Na mkimpata mtaalamu mbele ya kipaza sauti, muulizeni mambo mawili tu: namba ya mara iliyopita iko wapi, na anarudi lini.